Kusoma Nadharia ya Muziki Chuoni kwa Mtu Aliyetoka Kwaya

Wanafunzi wengi wanaoanza masomo ya muziki katika vyuo vyetu vya Kanda ya Kati hawatoki katika shule zenye piano. Wanatoka kwenye kwaya. Wameimba sauti ya tatu au besi tangu wakiwa kidato cha pili, wanasoma solfa (do, re, mi) kwenye karatasi iliyoandikwa "Do ni G" katika kona ya juu, na baadhi yao wamewahi kushika fimbo ya kuongozea kwaya ya vijana mwalimu anapokuwa safarini. Kisha wanafika chuoni, wanakabidhiwa karatasi yenye mistari mitano na shapu tatu (alama za kupandisha nota nusu toni) mwanzoni, na kabla ya wiki ya tatu kwisha wanaanza kuamini kwamba hawajui muziki hata kidogo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeimba besi kwa miaka minne, na katika zoezi la kwanza la kuandika muziki kwa kusikiliza nilipata alama 3 kati ya 20.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa aina hiyo. Shauri langu ni kwamba solfa uliyokuja nayo usiiache mlangoni. Kila jambo jipya utakalofundishwa, liwe skeli, umbali kati ya nota, kodi (nota kadhaa zinazosikika pamoja) au mapigo, lipitishe kwanza kwenye solfa, uliimbe kwa sauti yako mwenyewe, ndipo uliandike kwenye stafu, ile mistari mitano. Wanafunzi wanaofeli somo hili kwa kawaida si wavivu. Ni wale wanaolisoma kimyakimya kama wanavyosoma historia.

Solfa ni elimu kamili

Wapo wahitimu wanaozungumzia solfa kana kwamba ni muziki wa watu wasiosoma. Si kweli. Majina ya nota yanatokana na kazi ya mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyefundisha katika karne ya 11 kwa kutumia silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini ili waimbaji wakumbuke sauti. Silabi ya kwanza ilikuwa ut, ambayo baadaye ilibadilishwa ikawa do. Mfumo tunaoutumia kwenye kwaya zetu, wa kuandika herufi na nukta mbili badala ya mistari, ulianzia Uingereza katika karne ya 19 kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen, na wamisionari wakauleta Afrika kwa sababu ulichapwa kwa gharama ndogo na haukuhitaji kinanda. Nguvu yake ni kwamba do inahama. Wimbo ukiwa katika G, do ni G. Ukipandishwa hadi A, do ni A, na uhusiano wa nota zote unabaki ule ule. Uhusiano huo ndio nadharia ya muziki inauzungumzia kuanzia ukurasa wa kwanza.

Hapa pana tahadhari moja. Ukipiga gitaa na wanamuziki waliolelewa Kongo, utawasikia wakisema "do" wakimaanisha C siku zote, kwa kuwa walirithi utaratibu wa Kifaransa ambao do yake haihami. Hakuna aliyekosea kati yenu, ila msipoelewana kabla ya kuanza, mmoja atapiga katika C na mwingine katika G. Chuoni tumia herufi C, D, E kwa nota zenye mahali maalumu, na do, re, mi kwa kazi ya nota ndani ya ufunguo, yaani nota ambayo wimbo unaichukua kuwa do.

Vifaa

Huhitaji vingi. Chukua kipande cha boksi, chora juu yake kinanda cha oktavu mbili kwa kipimo cha kawaida cha vidole vyako, upake wino vitufe vyeusi, na ukibandike juu ya meza. Hakitatoa sauti, lakini kitakufundisha macho mahali ambapo nusu toni, hatua fupi kuliko zote za kinanda, zinakaa: kati ya E na F, na kati ya B na C, hakuna kitufe cheusi. Karatasi zenye mistari ya muziki hazipatikani kwa urahisi katika maduka yetu ya vifaa vya ofisi, kwa hiyo piga mistari ukurasa mmoja kwa rula, mistari mitano mitano yenye nafasi za kutosha, kisha ukatoe nakala hamsini. Simu yenye programu ya kinanda na programu ya kurekodi sauti inatosha kwa mwaka mzima wa kwanza. Programu ya kuandikia nota kama MuseScore ni ya bure na ni nzuri, lakini ningekushauri usiiguse mpaka muhula wa kwanza uishe, maana inakupigia ulichoandika na kwa hiyo inakunyima nafasi ya kukisikia kichwani kabla hakijapigwa.

Skeli, funguo na umbali

Skeli ya meja unaijua tayari, kwa kuwa umeiimba maelfu ya mara: d r m f s l t d'. Kilichobaki ni kuitazama kwa hatua. Kutoka do hadi re ni toni nzima, re hadi mi toni nzima, mi hadi fa nusu toni, kisha toni nzima tatu mfululizo, na ti hadi do nusu toni. Anza na nota yoyote kwenye kinanda chako cha boksi, tembea kwa mpangilio huo, na utaona kwa nini ufunguo wa G unadai F shapu: bila hiyo shapu, ti haipo.

Wengi hukariri funguo kumi na tano kama meza ya kuzidisha, kisha wanazisahau mtihani unapokaribia. Mwimbaji wa solfa ana njia fupi zaidi. Katika funguo za shapu, shapu ya mwisho kulia siku zote ni ti. Kwa hiyo panda nusu toni moja, umefika do. Ukiona shapu tatu, yaani F, C na G, ya mwisho ni G shapu, hiyo ni ti, na do ni A. Katika funguo za flati (alama za kushusha nota nusu toni), flati ya mwisho ni fa, na ile iliyo kabla yake ndiyo do yenyewe. Flati tatu ni B, E na A. Ya kabla ya mwisho ni E flati, basi huo ndio ufunguo. Flati ikiwa moja tu haina ya kabla yake, nayo utaikariri kama ilivyo: ni F. Mpangilio wa shapu ni F, C, G, D, A, E, B, na ule wa flati ni huo huo ukisomwa kutoka mwisho.

Maina iimbe kuanzia la: l t d r m f s l. Mwalimu atakapokuambia kwamba katika maina ya kiharmonia nota ya saba inapandishwa, kumbuka ile se ambayo mwalimu wako wa kwaya alikuwa akiisisitiza huku amekunja uso. Se ndiyo nota hiyo. Katika A maina ni G shapu, na haiandikwi mwanzoni mwa stafu pamoja na alama za ufunguo bali huandikwa pale pale inapotokea.

Umbali kati ya nota mbili ndio mahali ambapo nilipoteza muda mwingi kuliko pote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Vitabu hufundisha kuhesabu: nusu toni tatu ni tatu ndogo, nne ni tatu kubwa, tano ni nne kamili, saba ni tano kamili, kumi na mbili ni oktavu. Kuhesabu ni lazima kwa karatasi, lakini sikio halihesabu. Kwa sikio, tafuta kila umbali mahali pote unapoishi ndani ya skeli. Tatu kubwa ipo d–m, f–l na s–t. Tatu ndogo ipo r–f, m–s, l–d' na t–r'. Nne kamili ipo d–f, r–s, m–l, s–d' na kwingineko. Mwanafunzi anayeijua nne kwa s–d' peke yake, kwa kuwa nyimbo nyingi huanza hivyo, ataitambua inapokuwa mwanzoni mwa wimbo, lakini ikijificha katikati kama r–s ataiita tano. Kila siku chagua umbali mmoja, uuimbe kutoka kila nota ya skeli unakopatikana, ukipanda na ukishuka, huku mwenzako akishikilia do bila kuiachia. Hiyo do inayoshikiliwa ndiyo siri ya zoezi, kwa sababu mtu anayeimba peke yake huhamisha do bila kujua na kisha hujisifu kwamba alikuwa sahihi.

Kuandika unachosikia

Hili ndilo zoezi linaloogopesha, na kosa letu la kwanza ni kuanza kuandika nota mwalimu anapogusa kitufe cha kwanza. Kwa kawaida mahadhi hupigwa mara tatu au nne. Mara ya kwanza weka kalamu chini. Gonga mapigo kwa kidole pajani, tambua do iko wapi, sikiliza wimbo unakoishia. Mara ya pili andika midundo peke yake juu ya stafu, bila kujali kama sauti iko juu au chini. Mara ya tatu andika herufi za solfa chini ya midundo. Nota zenyewe huandikwa mwisho, na kazi hiyo haihitaji tena kusikiliza.

Tuchukue mfano mmoja. Ufunguo ni G, mapigo manne kwa kila kipimo (fungu moja la mapigo), na mwalimu anapiga mahadhi haya: s m d r, kisha m iliyoshikiliwa mapigo mawili ikifuatwa na f s, kisha l s f r, na mwisho do ya mapigo manne. Mtu aliyefuata utaratibu atakuwa na vipimo vinne: robo nne, nusu moja na robo mbili, robo nne, nota nzima. Chini yake ana herufi zake. Kuhamishia kwenye stafu ni kutafsiri tu: D B G A, B C D, E D C A, G.

Makosa mawili hutokea hapa karibu kila mara. La kwanza liko kwenye kipimo cha tatu, pale fa inaporukia re. Sikio lililozoea kushuka ngazi kwa ngazi linataka mi, na mkono unaiandika mi kabla ya mwenye mkono kufikiri. Mimi niliiandika hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Dawa yake ni kuimba kipande hicho kimoyomoyo na kuuliza kama kati ya nota hizo mbili kuna nafasi ya nota nyingine kupita. Kosa la pili ni la kimya zaidi: mahadhi haya hayagusi ti popote, kwa hiyo F shapu haisikiki hata mara moja, na mwanafunzi anasahau kuandika alama ya ufunguo mwanzoni. Nota zote zinakuwa sahihi, na alama zinakatwa. Andika klefu (alama ya kwanza kabisa kwenye stafu), ufunguo na mapigo kabla mwalimu hajakaa kwenye kinanda.

Zoezi hili halifanyiki peke yako. Tafuteni watu watatu, mmoja apige au aimbe kwa silabi "la" bila kutaja nota, wawili waandike, kisha mbadilishane. Sisi tulikuwa tukikutana saa kumi na mbili asubuhi nyuma ya bweni, kabla upepo wa Dodoma haujaanza kupeperusha karatasi, na umeme ulipokatika haikutusumbua maana hatukuwa tukiutumia.

Mapigo na shida ya silabi za Kiswahili

Kwa majina ya urefu wa nota Kiswahili kimetupa zawadi: nzima, nusu, robo, thumuni. Anayejua kwamba thumuni ni sehemu ya nane hahitaji maelezo mengine. Kwa kipimo kidogo zaidi, sema nusu ya thumuni na uendelee na kazi.

Shida inakuja kwenye mbinu ya kukariri midundo kwa maneno, ambayo vitabu vya kigeni huipenda sana. Maneno ya Kiswahili karibu yote hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukitaka neno la silabi tatu kwa ajili ya nota tatu zinazogawana pigo moja, ukachagua "Dodoma", mkazo utaangukia do ya pili, na mdundo wako utaanza nje ya pigo. Neno "karibuni" lina silabi nne, lakini pigo lake liko kwenye bu, ya tatu. Ni heri kuhesabu "moja-na-mbili-na" kuliko kutumia maneno yatakayokupotosha. Yapo machache yanayokubali, kama "lazima", ambalo wasemaji wengi huweka mkazo kwenye la. Lakini ukianza kuyatafuta utamaliza muhula.

Jambo hilo hilo linageuka kuwa faida siku utakapotakiwa kutunga. Silabi yenye mkazo inapaswa kukutana na pigo zito. Linganisha "barabara" ya kupitia magari, yenye mkazo kwenye ba ya pili, na "barabara" ya kukubali kwamba jambo liko sawasawa, ambayo mkazo wake uko kwenye ra inayofuata ba ya kwanza. Mtunzi asiyejali pigo anaweza kumfanya mwimbaji aseme njia badala ya sawasawa, na wazee wa kanisa watacheka kabla hajamaliza ubeti. Kabla ya kuweka maneno kwenye mahadhi, yasome kwa sauti ya kawaida, upigie mstari silabi zenye mkazo, ndipo uchore mistari ya vipimo.

Kuhusu tofauti kati ya 3/4 na 6/8, ambayo huwasumbua wengi kwa kuwa zote zina thumuni sita, usiitafute kwenye kitabu. Gonga meza kwa mikono miwili. Hesabu hadi sita polepole. Mkono wa kushoto ugonge kwenye moja, tatu na tano, wa kulia kwenye moja na nne. Utasikia mikono yote pamoja kwenye moja, kimya kwenye mbili, kushoto, kulia, kushoto, kimya. Kushoto pekee ni 3/4, kulia pekee ni 6/8, na yote mawili kwa pamoja ni muziki wa nusu ya bara hili. Aliyewahi kusimama karibu na wanawake wa Kigogo wanapopiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa kati ya mapaja, ameshausikia mvutano wa aina hiyo kabla hajafundishwa kuuandika.

Kodi na sauti nne

Kodi (si ile ya nyumba wala ya mapato) ni nota tatu au zaidi zinazosikika pamoja. Kodi ya kwanza ni d m s, ya nne ni f l d', ya tano ni s t r'. Kwa hizo tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi za kanisani, na ndiyo sababu walimu huanzia hapo.

Kuandika sauti nne kuna kanuni moja inayomkera kila mwanakwaya: sauti mbili zikiwa na umbali wa tano kamili, zisihamie pamoja kwenda tano kamili nyingine, na vivyo hivyo kwa oktavu. Mfano ni besi kutoka do kwenda re huku sauti ya tatu ikitoka so kwenda la. Utasema, na mimi nilisema, kwamba kwaya zetu huimba hivyo kila Jumapili na hakuna anayeumia. Ni kweli. Kanuni hiyo ni ya mtindo, mtindo wa Ulaya uliofikia kilele katika tenzi za sauti nne za Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750, na lengo lake ni kila sauti isikike kuwa na njia yake. Ichukue kama sarufi ya lugha ya watu wengine: ukiizungumza, izungumze kama wao, na ukirudi nyumbani utazungumza ya kwenu.

Kwa vitendo, kodi ya kwanza inapokwenda ya nne, iache do mahali pake katika sauti ile ile, kwa kuwa ipo katika kodi zote mbili. Ya nne inapokwenda ya tano hakuna nota ya pamoja. Hapo besi ipande kutoka fa hadi so, na sauti tatu za juu zishuke zote: d' iende t, l iende s, f iende r. Ukifuata njia hizo mbili, makosa mengi ya tano sambamba yatatoweka bila kuyawinda. Kisha imbeni mlichoandika. Zoezi lililoandikwa na kusahihishwa bila kuimbwa limefanyika nusu.

Mtihani

Sina mengi ya kusema hapa. Anza na maswali ya kusikiliza ukiwa umetulia, maana yakishapita hayarudiwi. Usiingie chumbani ukiwa unasikiliza nyimbo kwenye simu, kwa sababu ufunguo wa wimbo wa mwisho utabaki kichwani na kugombana na ule wa mwalimu. Katika kuimba nota usizowahi kuziona, unapewa muda mfupi wa kutazama: utumie kutafuta do, nota ya juu kabisa, na ruko gumu kuliko yote, na usihangaike na zilizobaki. Ukikosea, endelea na mapigo. Anayerudi nyuma kurekebisha nota moja hupoteza kipimo kizima.

Kazi ya likizo: ilimba na nota iliyo chini ya kinanda

Muziki wa Kigogo ni hazina ya nadharia iliyoko mlangoni petu, na ni ajabu kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka mzima Dodoma bila kuuchunguza. Watafiti, akiwemo Gerhard Kubik, wameeleza kwamba mpangilio wa nota zake unafuata sauti zinazozaliwa kwa asili ndani ya uzi au upinde unaotetema, kuanzia ya nne hadi ya tisa hivi. Kwa solfa zinakuwa d, m, s, ta (yaani ti iliyoshushwa), d', r'. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003 baada ya miaka mingi ya kupiga na kufundisha Bagamoyo, alizipeleka sauti hizo za ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze kwenye majukwaa ya dunia.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Chukua sauti ya chini yenye mitetemo 110 kwa sekunde, ambayo ni A. Zidisha kwa nne: 440. Kwa tano: 550. Kwa sita: 660. Kwa saba: 770. Kwa nane: 880. Kwa tisa: 990. Sasa linganisha na kinanda, ambapo do ikiwa A, mi ni C shapu na ta ni G. C shapu ya kinanda ina mitetemo takriban 554, kwa hiyo mi ya asili iko chini kidogo. G ya kinanda ina takriban 784, wakati ta ya asili ina 770, na tofauti hiyo inakaribia theluthi moja ya nusu toni. Kinanda kinagawa oktavu katika nusu toni kumi na mbili zilizo sawa ili kiweze kupiga katika funguo zote. Uzi wa ndono, upinde wa muziki wa Wagogo, hauna haja hiyo.

Wakati wa likizo moja nilikwenda kwa mzee mmoja katika kijiji cha upande wa Chamwino nikiwa na programu ya kupimia sauti kwenye simu. Baada ya "Mbukwa", salamu ya Kigogo, na maswali ya ukoo, alinipigia kijiti kimoja cha chuma cha ilimba yake mara kadhaa. Kishale cha programu kiliganda chini ya nota, nikamwambia kwa adabu kwamba pale pameshuka kidogo. Akasogeza chuma kwa kidole hadi kishale kikakaa katikati, akapiga wimbo, akakunja uso, akasema, "Mwanangu, sasa imekuwa ya redio," akakirudisha kilipokuwa. Tangu siku hiyo sijampimia mtu ala yake kwa programu bila kuuliza kwanza yeye anataka isikike vipi.

Kwa hiyo likizo ikifika, omba ruhusa ya kurekodi wimbo mmoja mfupi kijijini kwenu, wenye sauti mbili kama unaweza kuupata. Tafuta do, gonga mapigo, andika midundo kwanza, solfa baadaye, na stafu mwisho, kama ulivyofanya darasani. Angalia kama sauti ya pili haifuati ya kwanza kwa kuruka nota moja ya skeli hiyo, mfano s chini ya d' na ta chini ya r'. Kisha weka kishale kidogo kinachotazama chini juu ya kila ta, na kingine juu ya kila mi.